Sinema Niliyoiona kwa Nyuma

Kwenye Barabara ya Thika, Nairobi, kuna kituo cha matatu kinachoitwa Drive-In, yaani sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Makanga anagonga bodi mara mbili, anaita, watu wawili watatu wanashuka na mifuko yao ya soko, gari linaondoka. Mara ya kwanza kupita pale nilimwuliza jirani yangu kitini, mama mmoja aliyekuwa akimenya njugu, hiyo sinema yenyewe iko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu.

"Ilikuwepo. Fox. Sasa limebaki jina." Akarudi kwenye njugu zake.

Barabara ya Mombasa ni hadithi hiyo hiyo. Bellevue ilikuwa sinema ya magari, leo ni mahali pa kushukia. Na Dar es Salaam nako walikuwa na yao pale Msasani, ambapo familia ziliingia na gari jioni, watoto tayari wamevaa nguo za kulalia, chakula kwenye bakuli. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa mwaka 1998, Wamarekani walitafuta uwanja mpana wa kujenga ubalozi mpya, na uwanja waliopata ni ule wa sinema. Walihamia mwaka 2003. Yaani burudani iliyobuniwa Marekani ikafia Dar, kisha Wamarekani wakaja kujenga ukuta mrefu juu ya kaburi lake. Mtu angeitunga hadithi hiyo ningemwambia amezidisha chumvi.

Mimi ni mtu wa Tororo, Uganda. Nilizaliwa mwaka 1980 kwenye landhi za reli, nyumba ambazo Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya uani, kwa sababu baba wa mlango huu alikuwa Mjapadhola, wa pili Mteso, wa tatu Mluhya, na watoto walihitaji lugha moja ya kutukania wenzao. Utotoni sikuwahi kutazama sinema nikiwa ndani ya gari. Lakini kila nikisikia wazee wa Nairobi au wa Dar wakizikumbuka sinema zao za magari, najikuta nimekaa matanga yasiyo yangu, na machozi yananitoka kweli. Nimejiuliza kwa nini.

Aliyeianzisha biashara hii ni Richard Hollingshead, wa Camden, New Jersey. Alifunga shuka kwenye miti miwili nyumbani kwao, akaweka projekta juu ya boneti ya gari, redio akaificha nyuma ya shuka, kisha akaketi garini kutazama. Ninachompendea bwana huyu ni kwamba hakuishia hapo. Alifungulia maji ya kumwagilia bustani yakanyeshea kioo cha gari, ajue siku ya mvua mteja ataona nini. Akainua magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao, akipandisha na kushusha, mpaka akapata kimo kinachomwezesha wa nyuma kuona juu ya paa la wa mbele. Tarehe 6 Juni 1933 akafungua geti. Senti 25 kwa gari, na senti 25 kwa kila kichwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na viwanja kama 4,000 vya namna hiyo. Leo vimebaki kama 300. Sababu zake si za ajabu. Kiwanja cha magari mia tano kinakula ardhi, na vilijengwa pembeni mwa miji ambako ardhi ilikuwa rahisi. Mji ukatambaa hadi mlangoni, mwenye kiwanja akapiga hesabu ya tiketi na hesabu ya kuuza, akauza. Ikaja televisheni ya rangi, ikaja video. Baadaye kabisa, kampuni za filamu zilipoacha mikanda na kuhamia dijitali, mwenye sinema alitakiwa kununua projekta ya bei ya nyumba, na wengi walizima taa wakaenda kulala.

Lakini sababu ninayoipenda ni ya jua. Kuna sheria iliyoanza kutumika kule mwaka 1967, ya kusogeza saa mbele kila msimu wa joto. Giza, ambalo tayari huchelewa kule wakati wa joto, likachelewa kwa saa nzima zaidi. Filamu ya kwanza inaanza watoto wameshasinzia kiti cha nyuma, na baba ana kazi kesho.

Hapo ndipo mtu wa ikweta anapocheka. Sisi jua letu halina msimu. Mwaka mzima linazama kuelekea saa moja, na Kiswahili chenyewe kinahesabu kutokea hapo: saa moja ya usiku ni saa ya kwanza ya giza. Tena giza letu halibembelezi mtu. Unaingia chooni kuna mwanga, unatoka unapapasa ukuta. Kama biashara ya Hollingshead ingetaka giza peke yake, Uganda ingekuwa tajiri wake.

Kilichopungua ni gari. Hapana, niseme vizuri. Magari yalikuwepo, ila yalikuwa na kazi nyingine.

Wamarekani wazee wakisimulia ujana wao hawaachi kisa cha buti: vijana wawili watatu wanajikunja ndani ya buti, wenzao wanapita nao getini bila kuwalipia, wakifika ndani wanafunguliwa na kucheka mpaka mbavu ziwaume. Kisa kizuri. Sasa mhadithie Mganda aliyekuwa mtu mzima mwaka 1975. Wakati wa Idi Amin, watu wa State Research, shirika lake la ujasusi, walimtia mtu kwenye buti mchana kweupe, mbele ya duka lake, na aliyebaki kwenye kaunta akajua kwamba ameagana naye. Buti lilikuwa jeneza lenye magurudumu. Hacheki mtu hapo.

Kisha ikaja panda gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari walizunguka mtaa alfajiri, wakatoa watu majumbani, wakawaamuru wapande maroli wakachujwe: nani mwasi, nani raia. Wengine walirudi jioni. Wengine ndugu zao wanawasubiri hadi leo. Amri ilitolewa kwa Kiswahili, na amri ndiyo ikawa jina la msako wote. Ukimwambia mtu wa Kampala wa umri fulani kwamba Kiswahili ni lugha tamu, anakutazama kwa jicho la pembeni, na mimi simlaumu. Wengine tulikipata uani tukicheza kibe. Yeye alikisikia nyuma ya mtutu.

Nimeyaeleza haya ili jioni ya mwaka 1989 ieleweke.

Mama alikuwa kibarazani na ungo, akichambua maharage. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, uani kumejaa madimbwi. Tukasikia gari likija polepole upande wa stesheni, na juu yake sauti ya mwanamume kwenye kipaza sauti, kwa Kiswahili: wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, mnatakiwa uwanjani saa moja kamili.

Sijui kama mama alifikiri. Ungo ulianguka, maharage yakatawanyika kwenye matope, na kabla sijayaokota nilikuwa chini ya kitanda pamoja na kaka yangu na dada yetu mdogo, mlango umefungwa kwa komeo, mama amekaa juu ya kitanda na visigino vyake viko mbele ya pua yangu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa mweusi, nakikumbuka kama ramani. Alitukataza kukohoa. Basi koo lote likaanza kuwasha.

Gari likapita. Likarudi. Tukasikia hatua, na mlango ukabishwa.

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya mwenyekiti wa RC, yaani baraza la mtaa la wakati huo, pale landhi, mzee wa reli ambaye alifanya kazi karakana moja na baba. "Shemeji, fungua. Ni sinema."

Mama hakujibu.

"Wallahi ni sinema, shemeji. Wametoka wizarani. Njoo na watoto."

Uwanjani tulikuta Land Rover, jenereta inanguruma nyuma yake, na vijana wawili wanasimamisha nguzo mbili na kitambaa cheupe katikati. Mbele palikuwa pameshajaa wakubwa, viti vimetolewa hadi kanisani. Watoto tukafukuzwa. Tukazunguka tukaketi upande wa pili wa kitambaa, kwenye majani yenye maji, na kumbe mwanga wa projekta hupenya. Hivyo sinema yangu ya kwanza niliiona kwa nyuma.

Ya kwanza ilikuwa ya silimu, kama UKIMWI ulivyoitwa Uganda kabla watu hawajazoea jina la kitabuni. Daktari mwenye miwani alionyesha mchoro na kijiti. Sikuelewa kitu, ila nilielewa ukimya wa upande wa pili. Hakuna mkubwa aliyekohoa. Kila landhi ilikuwa na mlango wenye mgonjwa aliyekonda, na kila mtu alijua ni mlango upi.

Kisha wakaweka ya kuchekesha, ya Charlie Chaplin, labda kwa kuwaonea watu huruma. Alitembea miguu imetanuka, bakora mkono wa kushoto, na kila maandishi yalipotokea, watoto waliojua kusoma walipigania kuyasoma kinyumenyume. Miaka mingi baadaye kijana wangu alinionyesha Chaplin kwenye simu, bakora iko mkono wa kulia. Nilimwambia wamemgeuza. Bado kuna sehemu yangu inayoamini hivyo.

Katikati ya vicheko wakaja kumbikumbi. Baada ya mvua, na taa ile moja katika giza la maili nzima, wangekosaje? Mwanzo walikuwa wachache, vivuli vyao vikipita usoni mwa Chaplin vikubwa kama kunguru. Mara wakawa wingu. Walijaa kwenye mkono wa mwanga kama makapi yanayopepetwa, wakadondosha mabawa kwenye lenzi, na mwendesha projekta akawa anaifunika kwa kiganja na kupiga kelele watu watulie. Watulie wapi! Akina mama wameshasimama. Mabeseni yametoka sijui wapi, kofia zimevuliwa, mzee mmoja amevua koti anawakusanya kwa koti. Nusu ya watazamaji walikuwa wamempa Chaplin mgongo. Na mama yangu, aliyekuwa ametufungia ndani kwa komeo saa kumi na mbili, saa mbili usiku alikuwa amepiga magoti mbele ya Land Rover ya serikali, taa za gari zinammulika, amekunja leso yake kama kapu, anacheka na mwenyekiti wa RC.

Mkanda ulipoisha watu hawakutaka kuondoka. Yule mwendesha projekta akaanza kuurudisha nyuma, gurudumu moja likinyonya na lingine likitema, na watu wakakaa wakatazama mkanda ukirudi kana kwamba nayo ni filamu ya tatu. Akazima jenereta. Sijapata tena kusikia ukimya mkubwa kama ule. Gari likaondoka kuelekea Mbale na taa zake mbili nyekundu, na tukalitazama mpaka likapotea.

Mama alituhesabu mlangoni kwa kutugusa vichwa. Tulikuwa wote. Kesho yake tulikula kumbikumbi wa kukaanga na chumvi, na maharage yaliyookotwa kwenye matope.

Kwa hiyo nikimsikia mzee wa Nairobi akiikumbuka Fox, sioni wivu wa gari lake. Yeye alikwenda na gari kwenye sinema. Mimi sinema ilinijia na gari, na gari lile likaondoka bila mtu wetu yeyote ndani. Nadhani hicho ndicho ninachokililia: kukaa nje usiku, watu wengi pamoja, na kusahau kwa saa mbili kuwa ni usiku.

Baadaye vikaja vibanda vya video, au bibanda kama watu wanavyosema kwetu. Huko sina haja ya kutoa machozi, kwa sababu nilivifaidi mpaka nikachapwa. Cha Malaba, mpakani na Kenya, nilichokijua mimi kilikuwa na kuta za mafunjo na magunia, mabenchi ya mbao za jeneza zilizobaki kwa fundi, televisheni moja kwenye kabati lenye waya wa kuku, na deki ya video iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma kama mkate. Ratiba iliandikwa kwa chaki mlangoni. Harufu ilikuwa ya jasho, dizeli na mahindi ya kuchoma.

Na VJ, msimulizi wa filamu. Kizazi hiki kinamjua VJ Jingo na VJ Junior, Wakenya wana DJ Afro wao, lakini yule wa Malaba hakuna aliyemwandika popote. Alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akisimulia filamu ya Kichina au ya Kimarekani kwa Kiganda. Akiona maroli ya Mombasa yamejaa nje, anageuza Kiswahili ili madereva wasidai pesa zao. Usidhani alitafsiri. Jambazi wa Hong Kong alikuwa na deni la pombe kwa mama tunayemjua sote. Helikopta ikianguka, alitutajia bei ya dizeli. Mapenzi yakianza, alituambia tutazame viatu vyetu. Isaac Nabwana, anayetengeneza filamu za mapigano pale Wakaliga, Kampala, aliacha kabisa sauti ya VJ ndani ya filamu, na watu wa Ulaya wakashangaa kama wameona jambo jipya. Sisi tungeshangaa kama isingekuwepo.

Vibanda vimeporomoka vilevile. Leo kijana anajaziwa filamu kwenye flashi kwa bei ya chapati, VJ ameshamiminwa ndani, anakwenda kuitazama peke yake kitandani. Vingi vilivyobaki vinaishi kwa mpira wa Uingereza na mikeka ya kubeti.

Na kukaa pamoja nje usiku kumepata majeraha yake mengine. Julai 11, 2010, watu walikuwa wamekusanyika Kyadondo na Kabalagala, Kampala, kutazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye skrini kubwa. Mabomu yaliua zaidi ya watu 70. Baada ya hapo, kwenda kutazama kitu na wenzako kukawa na foleni ya kukaguliwa, na jicho moja kwenye mfuko wa jirani.

Mwaka 2020, dunia ilipojifungia, sinema za magari zilifufuka Ulaya na Marekani: kila familia ndani ya chuma chake, hakuna wa kumpigia mwenzake chafya. Nilisoma habari zile nikiwa nimekaa ndani Tororo. Kwetu kafyu ilianza saa moja jioni. Yaani giza lenyewe lilipigwa marufuku.

Nimalizie na Malaba, maana ndiko nilikoamua kuandika haya.

Kaka yangu, yule tuliyekuwa naye chini ya kitanda, ni wakala wa forodha mpakani. Kuna usiku foleni ya maroli ilikuwa imeganda, haina mwanzo wala mwisho, na yeye hajala tangu asubuhi. Mkewe akanipa chapati na maharage kwenye bakuli, nikapanda boda, tukapita kando ya maroli yaliyozimwa injini. Matanboi wanapika ugali chini ya trela. Mtu ananyoa mwenzake ndevu kwa tochi ya simu.

Mbele kidogo nikaona kontena jeupe linatembea picha. Kijana mmoja kwenye roli la nyuma yake alikuwa na projekta ndogo, haizidi mche wa sabuni, ameiweka juu ya dashibodi na kuiunga kwenye betri ya gari, na mwanga unatoka kwenye kioo cha mbele hadi kwenye milango ya kontena lililo mbele yake. Ile milango ina vyuma vinne vya kufungia, vimesimama wima, kwa hiyo kila mtu aliyetembea kwenye filamu alikatika vipande vitano na kuungana tena. Namba ya kontena ilikaa juu ya vichwa vyao kama bango. Sauti ilitoka kwenye redio ya gari. Ilikuwa filamu ya mapigano, na VJ alikuwa anamtukana mtu kwa Kiganda.

Kaka yangu alikuwepo, ameegemea gurudumu, kazi ameiacha. Nikasimama naye, bakuli mkononi. Shingo ikaanza kuuma.

Dereva, kijana wa Tanga kwa lafudhi yake, akafungua mlango akainama. "Kaka, huko chini huoni kitu. Panda. Panda gari."

Tulitazamana na kaka yangu. Yule kijana hakuwa amezaliwa, na wala si wa nchi hii. Angejuaje? Kaka yangu alianza kucheka kwanza, kicheko kile cha pua ambacho kingetuponza chini ya kitanda kama sinema isingekuwa sinema, na akaweka mguu kwenye ngazi.

Tukapanda. Tulikuwa wanne ndani, tanboi amekunjamana kwenye kitanda cha nyuma, chapati zinapita mkono kwa mkono. Mara taa nyekundu zikawaka chini ya picha. Kontena likatetemeka, likaanza kwenda, na watu wote wa kwenye filamu, waliopigwa na wanaopiga, wakaanza kupungua na kufifia kuelekea Kenya.

"We! Sinema inatoroka!" akasema tanboi.

Dereva akawasha injini, akaifuata.